Bimkubwa kawekewa mrija kwenye njia ya nyongo, sasa hataki kurudi kubadilisha

mtoto_wa_kizuiani
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada hasa kwa mliopitia hii kitu. Bimkubwa wangu ana miaka 58 tunakaa Mbagala, mwaka juzi alitolewa mfuko wa nyongo sababu ya mawe akakaa vizuri tu, baadae zikaanza homa za kuja na kuondoka sisi tukawa tunatibu malaria, dozi juu ya dozi, hadi siku dada yangu akamfunua jicho akakuta manjano kama embe. Mkojo ulikuwa kama chai ya rangi, choo kimepauka kama saruji, na kuwashwa sasa, viganja na nyayo usiku kucha mpaka akawa anajikuna na gunzi la mahindi.

Tukapewa rufaa, kipimo cha MRCP, ile picha ya mashine ya sumaku ya kuangalia njia za nyongo, kikaonyesha njia kubwa ya nyongo imebanwa na kovu na juu yake kuna mawe mawili. Wakamfanyia ERCP ile ya kamera ya kupitia mdomoni, mawe yakatoka, wakaacha mrija wa plastiki humo ndani, stenti wanaita. Kwenye kadi wameandika arudi baada ya miezi 3. Huu ni mwezi wa 5 tangu awekewe wakuu! Nikimkumbusha ananiambia "mwanangu mi sijambo, nikachokonolewe tumbo la nini". Na kweli hajambo, juzi kwenye shughuli kala pilau sahani mbili. Swali langu, huo mrija ukikaa humo humo una shida gani? Na kwa nini wasingemaliza siku ile ile?

kijiwe_tandika
Mkuu achana na hospitali, mafuta ya zeituni kikombe kimoja changanya na ndimu anywe usiku, asubuhi mawe yanatoka ya kijani anayaona kwa macho yake. Shangazi yangu alitoa 40.

nesi_wa_zamu
@kijiwe_tandika ndugu yangu hayo ya kijani sio mawe, ni sabuni. Mafuta yakikutana na ndimu na maji ya tumboni yanaganda vidonge vidonge, walishayapima maabara na likaandikwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2005. Mawe ya kweli shangazi bado anayo kama alikuwa nayo. Halafu huyu mama tatizo lake la sasa ni kovu, kovu halinywewi ndimu.

@mtoto_wa_kizuiani pole sana mdogo wangu. Nafanya kazi chumba cha endoskopi, yaani hizo kamera za tumboni, kwa hiyo nakwambia ninachokiona. Chukua kalamu ya biki, toa ule mrija wa wino, basi stenti ya plastiki unene wake ni karibu na huo. Nyongo inapita humo kila siku, polepole bakteria na matope ya nyongo yanaganda ndani, ikifika kama miezi 3 unaanza kuziba, ndo maana wanatoa huo muda, hawajajitungia. Na hauzibi kwa kupiga hodi, mtu leo anakula pilau kesho yuko wodini. Tumeshatoa stenti nyeusi tii imejaa matope, na ikikaa sana mawe mapya yanajengeka juu yake, inakuwa kazi mara mbili.

Kwa nini hawakumaliza siku moja: kovu ni gumu, ukilitanua na puto leo linarudi kubana. Kwa hiyo wanaweka mrija mmoja, wakirudi wanaweka miwili sambamba, mara nyingine mitatu, wanaenda hivyo kama mwaka mzima mpaka njia izoee kukaa wazi, halafu wanatoa yote. Ipo na ya chuma iliyofunikwa inayokaa muda mrefu zaidi, ila inategemea kovu liko wapi, na bei yake mmh, ulizeni bima mapema.

Sikufichi, ERCP ina hatari yake. Kongosho linaweza kuvimba, kwenye watu 100 kama 3 hadi 10 hivi, wengi yanaisha kwa dripu na siku chache za kulazwa. Akitoka pale maumivu makali ya tumbo yanayochoma hadi mgongoni msisubiri asubuhi. Na aseme mapema kama anatumia dawa za kuyeyusha damu au za kisukari.

baba_shufaa
Dada nesi kaongea yote ila mi nishuhudie maana nilijifanya mjanja. Stenti yangu ilikaa miezi 7, kadi nilikuwa nayo kwenye droo nikawa nasema nikipata hela ya nauli na nafasi kazini nitaenda, uongo mtupu nilikuwa naogopa ile kamera. Usiku mmoja nikaanza kutetemeka kitanda kikawa kinagonga ukuta, mke wangu akadhani degedege, macho manjano, bajaji mpaka hospitali presha imeshuka. Nyongo imesimama ikaoza ikaingia kwenye damu, siku 9 nimelazwa na antibayotiki za mshipa. Na ile kamera yenyewe hata sikuisikia, wanakupa usingizi unaamka koo linakwaruza basi.

mama_wawili_tmk
@nesi_wa_zamu shikamoo, mdogo wangu yeye wameandika PSC, na yeye atabadilishiwa mrija kila miezi 3?

nesi_wa_zamu
Marahaba mama. Hapana, huo ni ugonjwa mwingine, njia nyingi za nyongo zinakakamaa kidogo kidogo ndani na nje ya ini. Kamera haiuponyi, inafungua pale palipobana zaidi, mara nyingi kwa puto tu, na wanapitisha brashi kuchukua seli waangalie kansa. Muulize pia kama alishachunguzwa utumbo mpana, PSC na ugonjwa wa utumbo huo huwa vinaongozana.

mtoto_wa_kizuiani
Wakuu mrejesho. Nilimsomea bimkubwa ile ya baba Shufaa akaguna tu. Ila ya biki ikamwingia. Kachukua kalamu ya mjukuu, kachomoa mrija, kauinua kwenye taa, kapuliza, kanyamaza. Halafu kaniuliza ile kadi nimeiweka wapi. Jumatatu tunatoka saa kumi na moja alfajiri, Kilwa Road mnaijua wenyewe.