Tupeane uzoefu: kuongeza betri kwenye sola ambayo tayari iko juu ya paa

Mwanzisha mada (Kira, Uganda)

Ndugu wanachama, wengi wetu tulianza na paneli, na sasa tunafikiria betri. Madukani utaambiwa bei na ukubwa. Usichoambiwa ni jinsi kifaa kipya kitakavyopatana na kile kilichofungwa zamani, nami naamini hapo ndipo fedha za watu zinapopotelea. Atakayechangia aeleze alikuwa na nini, aliongeza nini, na nyumba inaendaje usiku.

Nianze na kwangu. Nilikuwa na paneli za kilowati 3 na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) inayofanya kazi sambamba na umeme wa gridi. Umeme ulipokatika mchana, nyumba nayo ilizimika ijapokuwa jua lilikuwa kali, kwa sababu inveta za aina hiyo hutengenezwa zijizime gridi inapopotea, zisije zikarudisha umeme kwenye nyaya ambazo huenda mafundi wanazishika. Kwa hiyo betri peke yake isingenisaidia kitu. Fundi alinipa njia mbili: kuondoa inveta ile na kufunga ya mseto, inayobeba paneli, betri na gridi kwa pamoja, au kuiacha mahali pake na kuongeza inveta ya pili, ya betri, upande wa nyaya za nyumba. Nilichagua ya pili kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa bado nzima. Gridi ikikatika, inveta ya betri huitenga nyumba na kushika nafasi ya gridi. Betri ikijaa, huyapandisha masafa ya umeme (mapigo yake kwa sekunde) kidogo juu ya hezi 50 za kawaida, na inveta ya paneli ikiona hivyo hupunguza uzalishaji. Ulizeni mapema kama inveta yenu ya zamani inaweza kupunguza taratibu namna hiyo, kwani isiyoweza itakuwa inazimika na kuwaka mchana kutwa.

Kuhusu ukubwa, kipimo mnacho ukutani: Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla. Saa moja jioni, jua likishazama, andika yuniti zilizobaki (yuniti moja ni kilowati-saa moja). Saa moja asubuhi soma tena. Tofauti ndiyo matumizi yako ya usiku. Fanya hivyo wiki nzima, pamoja na siku ya kupiga pasi na siku ya wageni. Kwangu ilikuwa kati ya yuniti 3 na 4. Nilinunua betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100, ambayo kwenye karatasi ni kilowati-saa 5.12; ukitumia asilimia 90 yake na kuondoa kinachopotea ndani ya inveta, hubaki zaidi kidogo ya 4. Msisahau kwamba betri haizalishi umeme. Kama paneli zako zinamalizwa na matumizi ya mchana, hasa mvua za Machi hadi Mei zinapoingia, betri kubwa itashinda nusu tupu.

Mama wa Arua

Asante, mwanzisha mada. Huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi, tulikaa miaka mingi bila gridi ya taifa, kwa hiyo betri tulikuwa nazo tangu mwanzo. Zangu zilikuwa betri nne za asidi, za volti 12 na ampea-saa 200 kila moja. Mbili zilipochoka, muuzaji mmoja alinishauri ninunue mbili mpya na kuziunga na zilizobaki. Fundi wangu alikataa katakata, na namshukuru hadi leo: betri zikiungwa pamoja, iliyochoka huivuta mpya iwe kama yenyewe. Tena, betri ya asidi hutakiwa isishushwe chini ya nusu, hivyo zote nne zikiwa nzima zilinipa takriban kilowati-saa 4.8 za kutumia, si 9.6.

Nilihamia lithiamu, na hapa naomba msome polepole. Kidhibiti chaji changu cha zamani kilikuwa kimewekewa taratibu za betri za asidi, pamoja na ile ya kupandisha volti kila baada ya muda ili kusawazisha seli. Kwa lithiamu utaratibu huo ni wa kuzima kabisa. Fundi alifungua mipangilio mbele yangu, akauzima, akaingiza volti zilizoandikwa kwenye kitabu cha betri, kisha akaniachia namba hizo kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati. Kila mtu adai karatasi hiyo.

Mchangiaji wa Mukono

Kwangu betri ilikuwa imejaa na bado nyumba ilikuwa ikizimika jioni. Betri niliyouziwa ilikuwa na kikomo cha ampea 50, yaani kama kilowati 2.5 kwa betri ya volti 51.2, na birika na pasi vikiwashwa pamoja vinapita hapo; kinga iliyo ndani ya betri hukata mara moja. Ulizeni kilowati-saa, lakini ulizeni pia ampea.

Mchangiaji wa Soroti

Wekeni kinga ya radi na waya wa ardhini kabla ya betri. Huku kwetu radi ni nyingi, na kifaa ghali ndicho huungua kwanza.

Mchangiaji wa Busia

Wakubwa, shikamooni. Nina betri mbili za asidi ambazo bado zinashika chaji. Nikinunua lithiamu, nizitupe?

Mwanzisha mada

Marahaba, ndugu yetu. Usizitupe, wala usiziunge na lithiamu. Zipe paneli yake moja na kidhibiti chake kidogo, zihudumie taa za nje na kuchaji simu, mbali na mfumo mkubwa. Ziweke mahali penye hewa, kwa sababu hutoa gesi inayoweza kulipuka zinapochajiwa, na mbali na joto la mabati: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri ya asidi kwa karibu nusu. Zikifa, mpelekee mnunuzi wa betri chakavu zikiwa nzima. Madini ya risasi yaliyomo yana thamani, na asidi yake haifai kumwagwa uani wanapochezea watoto.