Celica ST202 inayoyumba sailensi na kukataa kuwaka: distribuita, throto nzima, au injini nyingine?

Ngosha wa Capripoint
Mwangaluka wakuu. Nina Toyota Celica ST202 ya mwaka 1995 ambayo kwa miezi miwili sasa sailensi yake (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, na mara moja au mbili kwa wiki inakataa kabisa kuwaka. Nimetenga shilingi laki nne. Kuna distribuita (kigawa umeme wa plagi) ya mtumba niliyoonyeshwa Nyakato, hapa Mwanza, kuna throto (lango la hewa ya injini) nzima ya mtumba pamoja na vali yake ya sailensi, na kuna wazo la kuendelea kudunduliza hadi nipate injini ya 3S-FE, ambayo spea zake hazisumbui. Nataka kuamua kabla ya Ijumaa kwa sababu mwenye distribuita anasema ana mteja mwingine. Ninyi mngechagua ipi?

Fundi wa Zamani
Ndugu yangu, umetuletea bei ya dawa kabla hujatueleza mgonjwa anaumwa wapi. Injini iliyomo sasa ni ipi? Inakataa kuwaka asubuhi ikiwa baridi au baada ya kutembea? Stata inazungusha injini au inalia "ka" na kunyamaza? Sailensi inacheza kati ya mizunguko mingapi na mingapi? Na nani aliligusa gari hilo mara ya mwisho, akagusa nini? Usiponijibu hilo la mwisho, mengine yote tutakuwa tunapiga ramli.

Kijana wa Igoma
Mimi nasema ni pampu ya mafuta, na wala haimo katika orodha yako. Fungua swichi bila kupiga stata, kisha sikiliza upande wa tangi. Kama husikii mlio wowote, pampu imekufa. Weka pampu mpya na fedha itakayobaki utie petroli.

Fundi wa Zamani
Kijana, kipimo hicho kitamponza mwenzako. Katika Toyota za umri huo pampu haianzi kufanya kazi kwa kufungua swichi tu, bali husubiri stata ipigwe au injini izunguke, kwa hiyo ukimya ule ni wa kawaida kabisa. Anayetaka kuisikia afungue kile kikasha cheusi cha kupimia kilicho chini ya boneti, aunganishe tundu la FP na la +B kwa kipande cha waya, kisha afungue swichi. Hapo pampu italia, na akiminya hozi ya mafuta kwa vidole atahisi msukumo wake.

Ngosha wa Capripoint
Samahani, niliandika kwa haraka. Injini ni 3S-GE, gia ni za mkono. Asubuhi linawaka mara moja, na sailensi hukaa juu bila kuyumba. Injini ikishapata moto ndipo mshale wa mizunguko unapoanza kucheza kati ya 900 na 1,800, ukipanda na kushuka kama mtu anayekanyaga na kuachia mafuta. Kukataa kuwaka hutokea nikilizima likiwa na moto, kwa mfano nikitoka Buhongwa na kusimama sokoni robo saa. Stata inazungusha kwa nguvu, ila injini haishiki. Nikisubiri dakika arobaini, linawaka kama halikuwa na tatizo.

Kuhusu nani aliligusa, kabla ya haya yote lilikuwa likizimika kwenye taa za barabarani, ndipo fundi mmoja akakaza skrubu ya throto ili sailensi ipande. Sikulitaja kwa sababu aliniambia ni marekebisho madogo.

Fundi wa Zamani
Ndiyo maana niliuliza. Hapo una matatizo mawili yasiyohusiana, na moja umelinunua kwa mkono wa fundi.

Ndani ya sensa ya throto mna kiungo kinachoiambia kompyuta kwamba mguu haupo kwenye mafuta. Skrubu ile ikikazwa, throto inabaki wazi kidogo na hewa ya ziada inapita. Kompyuta inaona mizunguko imepanda ilhali kiungo kinasema mguu umetolewa, inadhani uko kwenye mteremko wa Bugando umeachia mafuta, basi inakata petroli. Mizunguko inashuka, inarudisha petroli, inapanda tena, na ngoma inaanza upya. Kama skrubu imekazwa zaidi hata kiungo kimeachana, basi kompyuta haijui tena kwamba iko kwenye sailensi na inaacha kuisimamia. Kwa vyovyote vile throto yako si mbovu. Irudishe skrubu ilipokuwa, kisha fungua vali ya sailensi uisafishe masizi, maana ndiyo iliyokuwa inalizima gari tangu mwanzo. Angalia pia maji ya rejeta, kwa sababu mfumo ukiwa na hewa, sensa ya joto inadanganywa na sailensi inacheza vilevile.

Binti Ukerewe
Naungana na mzee kuhusu throto, lakini naomba usisahau hozi za vakyumu, yaani za mvuto wa hewa wa injini. Mimi ni fundi umeme wa magari, na kosa ninalokutana nalo sana ni watu kupima magari ya Mwanza kwa vipimo vya Dar es Salaam. Ziwa letu Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Geji ya vakyumu ambayo pwani ingeonyesha inchi 17 hadi 21 injini ikiwa kwenye sailensi, huku kwetu itaonyesha pungufu kwa inchi tatu au nne, na injini ikawa nzima kabisa. Nimeona mtu akibadilisha gasketi ya manifoldi kwa sababu ya inchi 16, ambazo hapa ni afya njema. Vivyo hivyo sensa ya shinikizo la hewa: swichi ikiwa imefunguliwa na injini haijawaka, isikupe kilopaskali 101 kama pwani, bali karibu 88.

Sasa, kuhusu kukataa kuwaka, ni lazima umkamate mwizi akiwa ndani. Siku litakapokataa usisubiri lipoe. Chomoa waya mmoja wa plagi, utie plagi ya zamani, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na mafuta, na mwenzako apige stata. Ukiona cheche, nenda kwenye petroli. Usipoiona, nenda kwenye koili, ignaita (kifaa kinachoamuru koili itoe cheche) na distribuita.

Kijana wa Igoma
Kwa nini ahangaike hivyo wakati siku hizi kuna mashine? Apeleke gari likapimwe kwa kompyuta, dakika tano tu, kila kitu kinasomeka.

Binti Ukerewe
Mdogo wangu, atachomeka wapi? Soketi ile ya kuchomeka mashine ya kupimia, OBD-II, ililazimishwa Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na gari lake lilitengenezwa mwaka 1995 kwa ajili ya soko la Japani. Kompyuta yake inaongea kwa kukonyeza. Aunganishe TE1 na E1 ndani ya kikasha kilekile, afungue swichi, ahesabu taa ya injini inavyomulika kwenye dashibodi. Ikimulika mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililoandikwa. Ikimulika mara moja, ikapumzika, kisha mara nne, hiyo ni kodi (namba ya kosa) 14. Akipata 22 ni sensa ya joto la maji, nayo aipime kwa mita: kwenye nyuzi 20 inapaswa kuwa kati ya kiloomu 2 na 3, na kwenye nyuzi 80 kati ya 0.2 na 0.4.

Mzee Kigongo
Wanangu, nawasoma kwa makini kwa sababu haya yalinipata kwenye Celica ya zamani kuliko hiyo, ST182, wakati daraja la Kigongo na Busisi bado ni ndoto na sote tukivuka kwa pantoni.

Siku hiyo nilitoka Sengerema, jua kali, nikasubiri foleni injini ikinguruma, nikaingia pantoni na kuzima kama tulivyoamriwa. Tulipofika upande wa Kigongo, mlango ukashushwa, magari ya mbele yakatoka, mimi nikapiga stata. Inazunguka, haishiki. Nyuma yangu kulikuwa na lori la ng'ombe na basi, na wote wakaanza kupiga honi kana kwamba nilikuwa nimelala. Walinisukuma vijana sita, na mmoja wao aliyekuwa na ndoo ya dagaa akaiweka juu ya boneti yangu ili apate mikono miwili. Harufu ile ilikaa wiki nzima.

Gereji niliyoipeleka ikaniuzia distribuita. Ikawaka siku nne, ikakataa. Wakaniuzia pampu. Ikawaka wiki moja, ikakataa. Wakasafisha nozeli, wakabadilisha rilei, na kila mara ilikuwa ikiwaka kwa sababu walikuwa wakiifanyia kazi ikiwa imepoa! Mwishowe kijana mmoja aliyekuwa anajifunza kazi aliinama kuokota spana, akaona waya wa ethi (wa kurudisha umeme kwenye bodi) wa kompyuta umefungwa kwenye manifoldi kwa bolti iliyolegea, chini yake kuna kutu ya kijani. Injini ikipata moto, kile kiungo kinaachia. Akakwangua kwa msasa, akakaza. Distribuita yangu ya kwanza ilikuwa nzima, na nilikwisha kuiacha gerejini kwao.

Sato Mbichi
Pole mzee. Mimi ningependa kurudi kwenye injini. Ngosha, usithubutu kuitoa 3S-GE. Kichwa chake kilitengenezwa kwa ushirikiano na Yamaha, na katika ST202 inatoa nguvu za farasi 180, wakati 3S-FE inatoa 140. Ukiitoa, utabaki na Carina yenye milango miwili.

Kijana wa Igoma
Nguvu 180 zinazolala sokoni zina faida gani? Bora 140 zinazofika nyumbani.

Binti Ukerewe
Mnagombana pembeni ya jambo. Akibadili injini, nyaya nyingi, rilei na betri zitabaki zilezile, na kama ubovu uko humo, ataununulia injini mpya ya kuisumbua.

Ngosha wa Capripoint
Nimerudi na majibu. Skrubu imerudishwa, na vali ya sailensi ilikuwa nyeusi kama chungu. Baada ya kusafishwa, mshale umetulia kwenye 800 kwa siku tatu, ingawa jana jioni ulitikisika kidogo nilipowasha taa na feni. Jumatano lilikataa kuwaka pale Kirumba, na cheche haikuwapo. Niliunganisha TE1 na E1 hapohapo, ikamulika 14, nikahesabu mara tatu. Plagi zilikuwa kavu, hazina hata harufu ya petroli, kwa hiyo nikajiuliza kama Kijana naye ana haki.

Fundi wa Zamani
Hana, na ukavu huo ndio unaoeleza habari. Kila ignaita inapotoa cheche huirudishia kompyuta taarifa kwamba kazi imefanyika. Taarifa isipofika, kompyuta huandika 14 na kuzifunga nozeli ili petroli isimwagike bure. Na kama sensa zilizomo ndani ya distribuita ndizo zingekuwa zimekufa, ningetarajia 12 au 13, si 14. Kwa hiyo laki zako zisiende Nyakato kwanza. Siku likikataa tena, funika ignaita kwa kitambaa kilicholowa maji baridi na kukamuliwa, ngoja dakika tatu, upige stata.

Mzee Kigongo
Na ethi, mwanangu. Kwangua ethi kabla ya kununua kitu chochote.

Ngosha wa Capripoint
Nimekwangua bolti mbili kwenye manifoldi, na moja ilikuwa na kutu kweli. Jana lilikataa, nikaweka kitambaa, likawaka. Nikafurahi. Leo limekataa tena, nikapiga stata bila kitambaa baada ya dakika tano, nalo likawaka vilevile, kwa hiyo sijui kama ni kitambaa, ni ethi au ni bahati. Yule wa Nyakato amekwisha kuiuza distribuita. Sasa kuna mtu ana ignaita ya Carina yenye 3S-FE na anasema inaingia moja kwa moja. Inaingia kweli?

Kijana wa Igoma
Inaingia. Zote ni 3S.

Binti Ukerewe
Usiichomeke bado. Futa vumbi mgongoni mwa ignaita yako, usome namba zilizochapwa pale pamoja na idadi ya pini, halafu mwambie mwenye Carina asome za kwake. Na kabla ya hapo azima kikaushio cha nywele saluni, uipulizie ignaita yako joto injini ikiwa inaunguruma, uone kama itazima.

Ngosha wa Capripoint
Shemeji ana saluni Mabatini, nitamwomba kikaushio Jumapili. Namba nitaziweka hapa mvua ikikatika, maana gari liko nje na boneti haifunguki bila mtu wa pili kushika waya.