Mjadala: Ukikemea ubaguzi unaitwa chawa, ukidai haki unaitwa mchochezi. Watu wa Kusini tunyamaze?

Mwanzisha mada (Lindi)

Ndugu zangu wa Lindi na Mtwara, na wengine wote mnaosoma, naomba tulijadili hili bila kutukanana.

Tangu uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ndimi zimekuwa kali. Watu waliuawa, intaneti ikazimwa, na hata ndani ya ukoo mmoja kila mtu ana upande wake. Hasira ninaielewa. Kinachonitisha ni kitu kinachojipenyeza ndani yake. Mtu hasemi tena kwamba Rais kakosea jambo fulani, anasema Mzanzibari hatufai. Hasemi kwamba mnunuzi fulani kampunja kilo, anasema Wahindi ndivyo walivyo. Upande wa pili nako, kijana akiandamana anaambiwa huyo si Mtanzania. Rais mwenyewe, siku ya kuapishwa kule Dodoma Novemba 3, alisema baadhi ya vijana waliokamatwa walitoka nje ya nchi. Kwa sisi tunaopakana na Msumbiji kwenye Mto Ruvuma, maneno kama hayo yakisemwa Dodoma, huku yanamwangukia Mmawia, Mmakonde mwenye asili ya Msumbiji, ambaye hata Dar es Salaam hajawahi kufika.

Hoja yangu ni moja. Anayekemea chuki ya wapinzani wake peke yake amepiga kampeni tu. Kila mtu aanze na watu wa upande wake. Mwana CCM amwambie mwana CCM mwenzake, mwana Chadema amwambie wa kwao, shehe aseme na waumini wake, padri na wa kwake, na sisi wakulima tuambiane kuhusu wafugaji. Na isemwe sasa hivi, mambo yakiwa bado ya moto.

Kusini tunalijua jambo hili kwa kutendewa. Desemba 2012 watu wa Mtwara waliandamana wakitaka gesi ya Mnazi Bay iwanufaishe wao kwanza kabla ya kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Januari 2013 nyumba na ofisi zikachomwa Masasi. Mei 22 mwaka huohuo, siku ya bajeti ya Nishati, Mtwara mjini ikawaka na jeshi likaingia. Uchomaji siutetei hata kidogo. Lakini nakumbuka vizuri hoja ya gesi ilivyogeuzwa ikawa hoja ya sisi ni watu wa namna gani: hawajasoma, wavivu, wanapenda ngoma, wamechochewa. Swali la kwamba Msimbati, kijiji inakotoka gesi, itapata nini likabaki hewani. Ukishamdharau mtu kwa asili yake, huoni tena sababu ya kumjibu. Ndiyo maana wanasiasa wa pande zote wanaupenda ubaguzi: unawaondolea kazi ya kujibu.

Sasa tazameni tunavyowafanyia wengine. Msimu wa ufuta uliopita nilikuwa kwenye ghala la chama kimoja cha msingi cha ushirika mkoani kwetu, foleni ya mizani. Mbele yangu alikuwepo dada mmoja wa Kisukuma, mtoto mgongoni, magunia matatu. Wazazi wake walikuja huku baada ya serikali kuwaondoa wafugaji Usangu mwaka 2006 na 2007. Darasa la kwanza kasoma hapa, na kaolewa hapahapa. Karani akafungua gunia, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa ufuta wa chini na kuupuliza kiganjani. Mweupe, hauna mchanga. Mzee mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti, "Ng'ombe zao wamekula wetu, sasa wanakuja kuuza wa kwao." Watu wakacheka. Karani akayasukuma magunia yale pembeni, akaniita mimi nisogee.

Nilimwambia karani kwamba dada huyu kafika kabla yangu, apimwe kabla yangu. Akapimwa. Nilipotoka nje nikaulizwa wafugaji wamenipa shilingi ngapi.

Na mzee yule hakuwa anasingizia. Shamba lake liliingiliwa na ng'ombe kweli, na fidia hajaiona mpaka leo. Ila familia ya yule dada haina ng'ombe siku nyingi, wanalima jembe la mkono kama sisi.

Karibuni. Tuseme, au tunyamaze mpaka siasa zipoe?

Mchangiaji wa Masasi

Mkuu, umeandika vizuri lakini nakupinga. Kipindi hiki wito wa "tuache chuki" ni namna ya kuwafunga mdomo wenye malalamiko.

Chukua suala la bandari. Bunge liliridhia makubaliano na Dubai Juni 2023. Waliohoji vipengele vyake wakaambiwa wabaguzi, hawamtaki Rais kwa sababu ni Mzanzibari na ni Mwislamu. Agosti maaskofu wa Katoliki wakatoa tamko, likajibiwa kwa tuhuma za udini. Ukitangaza vita dhidi ya chuki, mwenye dola ndiye atakayeamua chuki ni ipi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha 17 na cha 18 vinavyohusu ubaguzi wa rangi na wa asili. Ni mara ngapi umesikia vikitumika? Kinachosikika ni cha 16, cha taarifa za uongo, na wanaoburuzwa nacho ni wakosoaji.

Kwanza haki itendeke. Waliopoteza watoto wao Oktoba wajibiwe. Baada ya hapo tufundishane adabu ya maneno.

Mchangiaji wa Newala

Mnakuza mambo. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera tunataniana tangu mababu. Huyo mzee wa ghalani alikuwa anatania. Tukianza kupima kila neno tutauua utani, na utani ndio uliotuweka pamoja.

Mchangiaji wa Mtwara Vijijini

Shikamooni wakubwa. Mimi ni wa huku mpakani, nataka kusema la kwetu.

Vita vya Cabo Delgado vilianza Oktoba 2017 pale Mocímboa da Praia. Kwetu vilifika Oktoba 2020, Kitaya iliposhambuliwa, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Kwa hiyo mtu asidhani sisi tunalichukulia usalama kwa wepesi. Usalama tunautaka kuliko nyie wa mjini.

Ila baada ya Kitaya kila mwenye lafudhi ya ng'ambo akawa mtuhumiwa. Mama yangu mkubwa ana chale usoni, zile za zamani za Kimakonde. Aliolewa upande huu kabla mimi sijazaliwa. Akienda kisimani watoto wanaacha ndoo zao wanakimbia, wanapiga kelele "gaidi, gaidi". Watoto hawakulibuni wenyewe, wamelisikia kwa wakubwa. Sasa anatuma wajukuu wakamchotee maji.

Mwaka 2021, baada ya Palma kushambuliwa, watu walivuka Ruvuma kukimbilia kwetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, lililalamika kwamba maelfu walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Wazee wetu hawakufanya hivyo. Vita vya Wareno vilipoanza 1964, wakimbizi wa Msumbiji walipewa mahali pa kuishi Rutamba, na Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ikafunza wapiganaji wake Nachingwea. Wakati ule kuwapokea kulikuwa na hatari pia, Wareno walikuwa na ndege na mabomu.

Kuna jambo wanaotutilia shaka hawalioni. Anayejua kwamba mgeni asiyeeleweka kaonekana porini ni mama kama mama yangu mkubwa, maana yeye ndiye anayeokota kuni huko. Zamani angekwenda kwa balozi wa nyumba kumi akasema. Leo hasemi, anaogopa ataulizwa yeye kamjuaje. Kwa hiyo chuki hii inapunguza hata usalama tunaoutafuta.

Mchangiaji wa Tandahimba

Nimeondolewa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwa kusema tusiwaite Wazanzibari wageni. Aliyeniondoa ni kaka yangu wa tumbo moja. Nasoma tu, sina cha kuongeza.

Mchangiaji wa Kilwa

Ekari zangu nne za ufuta ziliisha usiku mmoja, zimeliwa na ng'ombe. Nilikopa hela ya kupalilia. Mtoto akarudishwa nyumbani kwa ajili ya michango. Mwanzisha mada, uniambie mimi nisichukie?

Mwanzisha mada (Lindi)

Ahsanteni. Nitajibu nilipoguswa.

Kaka wa Masasi, kwamba dola inaweza kuigeuza vita dhidi ya chuki kuwa rungu, nakubali kabisa. Ndiyo maana sikuita polisi popote katika maelezo yangu. Nimesema kila mtu aseme na wa kwao, na hilo halihitaji mwendesha mashtaka. Tena soma Katiba, Ibara ya 13(5), inapoeleza maana ya kubagua. Inataja kabila, rangi, dini, mahali mtu alipotokea, na inataja pia maoni ya kisiasa. Kijana anayenyimwa huduma kwa sababu ya chama chake yumo humohumo alimo Msukuma wa ghalani. Huwezi kumtetea mmoja kwa kumwacha mwingine.

Mfano wako wa bandari ndio unaonifanya nisisitize. Waliosoma vipengele walikuwa na hoja nzito: muda wa mkataba, namna ya kujitoa, mamlaka ya ardhi. Pembeni yao wakasimama watu wanaosema Waarabu wanarudi kututawala, na wenye hoja hawakuwaambia wanyamaze kwa sababu walikuwa upande mmoja. Serikali ikachagua ijibu nani? Ikawajibu hao wa Waarabu, kwa sababu ni rahisi. Waliolipa gharama ni wenzetu wenye asili ya Kiarabu wa Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani, ambao babu zao wamezikwa pale na hawakusaini mkataba wowote.

Unasema haki kwanza, adabu baadaye. Oktoba 1961, zikiwa zimebaki wiki chache tu tupate Uhuru, wabunge wa TANU walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Madai yao yalikuwa na msingi, Mwafrika alikuwa kadhulumiwa miaka mingi kwa rangi yake. Nyerere aliwakatalia palepale bungeni, akiwa tayari yeye na serikali yake kujiuzulu. Hakuwa anawakemea Waingereza siku ile, hao alikwisha kuwakemea sana. Alikuwa anawakemea wabunge wa chama chake, wakati umaarufu wake ungeweza kuteketea. Hakungoja dhuluma ya wakoloni imalizike kulipwa.

Na waliopoteza watoto Oktoba wana haki ya kujibiwa leo, siyo kesho. Katika hilo mimi na wewe hatuna ugomvi. Lakini mzazi yule hapati jibu lolote kwa sisi kumtukana Mzanzibari auzaye viungo sokoni Masasi.

Mdogo wangu wa Newala, utani naujua na nimekulia ndani yake. Mtani anakuja kwenye msiba wako, anazuia jeneza lisitoke mpaka mtoe chochote, anamwigiza marehemu mpaka wafiwa wanacheka huku wanalia. Na zamu yake ikifika unamfanyia vilevile, hana haki ya kununa. Yule dada angemrudishia mzee neno, wangecheka pia? Karani angemwachia nafasi yake kwenye foleni? Kama jibu ni hapana, basi pale hapakuwa na mtani. Na mtani hakupotezei zamu yako ya kupima.

Wa Mtwara Vijijini, mpe mama pole na shikamoo yangu. Ulichosema kuhusu balozi wa nyumba kumi nakiomba kisemwe kwenye kila mkutano wa usalama wa kijiji huko mpakani, na kisemwe na watu kama wewe, kwa sababu mimi wa Lindi mjini nikisema wataniuliza nimeyaona wapi.

Dada wa Tandahimba, umeongeza kingi.

Ndugu wa Kilwa, siwezi kukuambia usiumie. Ekari nne ni mwaka mzima wa nyumba. Ninachokuuliza ni hiki: ulipokwenda kushtaki, lilitajwa jina la mwenye ng'ombe? Ng'ombe wana chapa, siku hizi wengine wana hereni. Chapa inamtaja mwenyewe. Ukisema "Wasukuma" au "Wamang'ati", umemtaja kila mtu na hujamtaja yeyote, na aliyekutia hasara anajificha nyuma ya wale wasiohusika.

Kwa upande wetu, kabla ya ghala kufunguliwa msimu ujao nitapeleka mambo mawili kwenye mkutano wa chama chetu cha msingi. La kwanza, foleni ya mizani iende kwa namba zilizoandikwa mlangoni, karani asiwe na uwezo wa kumrusha mtu. La pili, madai ya kulishiwa mazao yaandikwe kwa chapa na jina. Najua wapo watakaoniita chawa na wapo watakaoniita mtu wa wafugaji. Nitasema hivyohivyo.

Mchangiaji wa Kilwa

Nimerudi kusoma. Kwenye daftari la kijiji mwenyekiti aliandika "mifugo ya Wamang'ati". Ndivyo nilivyomwambia mimi mwenyewe. Alipoulizwa amwite nani, hakuwa na wa kumwita, faili likalala. Chapa niliiona alfajiri kwa ng'ombe wawili waliochelewa kutoka, na kijana niliyekuwa naye anaikumbuka mpaka leo. Jumatatu narudi ofisini. Fidia yangu naidai yote, ekari nne, pamoja na hela ya palizi.