Mrejesho: Nimerudi kutoka Santiago
Wapendwa, niliuliza kama kuna haja ya kusoma siasa na utamaduni wa Hispania kabla ya kwenda kuhiji kwa miguu Santiago de Compostela. Nimerudi salama. Asanteni sana mlionisisitiza nisome habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939. Kabla ya kufika San Juan de Ortega, kijiji kilicho njiani, msituni, kuna mnara wa kuwakumbuka watu waliouawa 1936. Nisingesoma, ningeupita tu. Nilisimama pale nikawaombea, machozi yakanitoka. Galicia nako, jimbo lenye mji wa Santiago, wana lugha yao. Nilipowashukuru kwa "grazas" badala ya "gracias" ya Kihispania, nyuso zilichangamka. Halafu, maduka mengi ya vijijini hufungwa mchana, nunueni chakula mapema.