Nina miaka 44, nataka kuanza kujifunza fluti hapa Kisumu. Nianzie wapi?

AltoWaMamboleo, Kisumu

Hamjambo wadau. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mamboleo. Kanisani naimba sauti ya pili tangu nikiwa msichana na tonik solfa naisoma vizuri, ila noti za mistari mitano sijawahi kuzielewa sawasawa. Ala niliyoitamani miaka yote ni fluti, ile ya chuma inayoelekezwa bega la kulia. Watoto wangu wote sasa wako shule za bweni, jioni zimekuwa zangu, na sitaki mwaka mwingine upite nikitazama wengine wakipiga.

Nimeuliza watu wawili wakaniacha njia panda. Mmoja anasema umri wangu umepita, nitafute kinanda. Wa pili ni mwalimu wa muziki, amekubali kunifundisha kwa sharti kwamba mwaka wa kwanza nipige rekoda tu, ile filimbi ya shule inayopulizwa kwenye ncha. Kisha kuna duka mjini linauza fluti mpya ya rangi ya waridi kwa bei ninayoweza kulipa bila kukopa kwenye chama. Mpwa wangu alinipa ya kwake nijaribu likizo iliyopita. Sauti ilitoka mara chache tu, na kichwa kikazunguka hadi nikaketi.

Naomba ushauri. Kweli kuna umri wa mwisho? Rekoda ni lazima? Ninunue hiyo ya dukani? Na huku kwetu mwalimu wa fluti anapatikana wapi?

BabaWaSection58, Nakuru

Dada, hilo la umri liondoe moyoni leo hii. Mimi nilianza baada ya kustaafu, mwalimu wangu ni kijana mdogo kuliko kitindamimba wangu, na Krismasi iliyopita nilipiga kanisani mbele ya watu. Hata mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ambayo wanafunzi wengi wa muziki hapa Kenya hufanya, haina kikomo cha umri.

Mtu mzima ana faida zake. Ukielezwa jambo unalielewa mara moja, na wewe unayeimba tayari unajua pumzi inatoka wapi na sikio lako linajua noti iliyopotea. Vidole ndivyo vinavyochelewa, hasa kile kidogo cha kulia na cha pete cha kushoto. Dawa yake ni robo saa kila siku. Vidole vya umri wetu havishiki kitu kwa saa tatu za Jumamosi.

PumziNdefu, Kakamega

Mwalimu, pole na hongera kwa uamuzi. Nafundisha fluti, na miongoni mwa wanafunzi wangu kuna watu wazima, kwa hiyo niruhusu niandike kwa urefu kidogo.

Nianze na kizunguzungu, maana hicho ndicho kinachowakimbiza wengi. Fluti haikupi upinzani wowote wa pumzi. Mpiga tarumbeta anasukuma hewa kupitia midomo iliyobanana. Wewe unapuliza nje ya tundu lililo wazi, na hewa nyingine inapita juu bila kuingia ndani. Mwanafunzi mpya huacha mwanya mkubwa kati ya midomo, pumzi inaisha mara moja, anavuta nyingine kwa haraka, anarudia. Kupumua hivyo kunatoa kaboni dayoksaidi nyingi mwilini, mishipa ya damu ya ubongo inajibana, na kichwa kinazunguka. Uzee hauhusiki hapo. Piga ukiwa umeketi, puliza mara chache, shusha fluti, pumua kawaida, kisha rudia. Mwanya wa midomo ukishakuwa mdogo, kizunguzungu kinakwisha. Kama una pumu au presha, mweleze daktari wako kabla hujaanza.

Sasa rekoda. Ndani ya mdomo wa rekoda kuna mfereji uliochongwa kiwandani, na mfereji huo ndio unaoipeleka hewa kwenye ukingo unaotoa sauti. Kazi yako ni kupuliza taratibu na kuziba matundu. Kwenye fluti mfereji huo haupo. Midomo yako ndiyo mfereji: ndiyo inayoamua hewa iwe nyembamba kiasi gani, igonge ukingo wapi, na iende kwa kasi gani. Hilo rekoda haikufundishi hata ukiipiga miaka kumi. Ndiyo maana sikubaliani na mwaka mzima wa rekoda kwa mtu anayeimba na kusoma solfa.

Anza na kichwa cha fluti peke yake. Ala ina vipande vitatu, kichwa, mwili na mguu, na hivyo viwili vya mwisho viache ndani ya kisanduku. Simama mbele ya kioo. Mdomo wa chini ufunike kama theluthi moja ya tundu, pembe za midomo zitulie bila tabasamu, useme "pu". Ukiziba mwisho wa kichwa kwa kiganja utapata sauti nene iliyo karibu na noti A. Ukiachia, inaruka kama oktavu moja juu, yaani kutoka do hadi do inayofuata. Kaa hapo hadi uweze kuishikilia sauti pumzi nzima bila kuyumba. Wengi wanaona haya kukaa na kipande kimoja, wanaunga ala yote siku ya kwanza ili ionekane ni fluti, kisha wanahangaika na mambo kumi kwa wakati mmoja.

Ukiunga, noti za kwanza ni B, A na G, ambazo vidole vyake karibu vyote ni vya mkono wa kushoto. Kidole kidogo cha kulia kinabonyeza kibonyezo chake karibu muda wote. Kwenye D ya chini ndipo kinainuka. Usiikabe. Fluti inakaa kwenye sehemu tatu: chini ya mdomo, kwenye shina la kidole cha shahada cha kushoto, na juu ya gumba la kulia. Ukiona mabega yamepanda, acha, yashushe, anza tena.

Kuhusu mwalimu, ninasisitiza jambo moja. Masomo ya kwanza yawe ana kwa ana. Kamera ya simu haioni kama hewa inagonga ukingo au inaupita, na kosa la mdomo likikaa miezi miwili kulitoa ni kazi kubwa. Mdomo ukishatulia, masomo ya video yanatosha, na hapo hata mwalimu wa Nairobi anaweza kukufundisha ukiwa Mamboleo. Kwa karibu, nenda Chuo Kikuu cha Maseno, uulize kwenye idara ya muziki kama kuna mwanafunzi wa miaka ya mwisho ambaye ala yake kuu ni fluti. Kwa matatu za njia ya Busia si mbali. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, ambayo imefundisha tangu 1944, lakini safari ya kila wiki kutoka Kisumu sikushauri.

MamaWaNyalenda, Kisumu

Namtetea kidogo yule mwalimu wa rekoda. Mwanangu alikuwa na ya shule, ya plastiki, nikajifunza naye mezani jikoni. B, A na G vinashikwa kwa vidole vile vile vya kushoto kama kwenye fluti. Nilipoigusa fluti, mistari mitano nilikuwa nimeshaizoea, ikabaki kupambana na mdomo tu. Mwaka ni mrefu mno, hapo nakubali. Ila miezi miwili ukisubiri kupata fluti nzuri si hasara. Ukinunua rekoda, chagua yenye mpangilio wa vidole uitwao baroki. Ile ya mpangilio wa Kijerumani inarahisisha F, halafu F kali (F#) inakusumbua.

MdigoWaZiwani, Kisumu

Kama shida ni kufundisha mdomo kwa pesa kidogo, tafuta filimbi ya mwanzi inayopulizwa kwa ubavuni, kama chivoti ya kwetu Pwani. Haina mfereji wa kukusaidia, midomo inafanya kazi ile ile anayosema PumziNdefu. Tuni yake haitalingana na kinanda cha kanisa, kwa hiyo iwe ya mazoezi ya nyumbani.

AltoWaMamboleo, Kisumu

Asanteni sana, hasa kwa maelezo ya kizunguzungu. Nilidhani ni presha inaanza. Sasa hiyo ya rangi ya waridi, PumziNdefu, hukuniambia. Na lengo langu ni nyimbo za kanisani: solfa ninayoijua itanisaidia au nianze upya? Jambo lingine, naishi kwenye plot, ukuta na jirani ni mmoja, na ana mtoto mchanga.

PumziNdefu, Kakamega

Usiinunue, Mwalimu. Sina ugomvi na rangi. Tatizo ni kwamba fluti nyingi za bei hiyo zina vibonyezo vya chuma laini, vinapinda kwa kushikwa tu, na mafundi wengi huzikataa kwa sababu vipuri hakuna. Kibonyezo kisipofunga sawasawa hewa inavuja, noti za chini hazitoki, na mwanafunzi anajilaumu yeye ilhali ala ndiyo mbovu. Nimeona watu wazima wakiacha muziki kwa sababu hiyo na inaniuma.

Fluti ya mtumba ya wanafunzi ni bora mara nyingi kuliko mpya isiyo na jina. Tafuta Yamaha za mfululizo wa 200, Gemeinhardt 2SP, au Armstrong 104. Iwe na vibonyezo vilivyozibwa, visivyo na matundu katikati, na mguu wa C, yaani unaofika C ya chini. Kabla ya kulipa, nenda na mtu anayepiga. Ashuke kutoka G hadi C ya chini kabisa, hatua kwa hatua. Sauti ikififia njiani kuna pedi, yaani kile kizibo laini chini ya kibonyezo, inayovuja. Vipande viungane bila kulegea wala kulazimishwa. Halafu aingize ule ufito wa kusafishia kwenye kichwa: alama yake inapaswa kuonekana katikati ya tundu la mdomo. Isipokuwa hapo, kizibo cha ndani ya kichwa kimesogea na tuni itapotea, ingawa hilo fundi hulirekebisha kwa muda mfupi.

Na ukishaipata, usipige mara tu baada ya chai ya sukari. Suuza mdomo kwanza. Sukari ndiyo inayogandisha pedi, na joto lenu la Kisumu linazidisha.

BendiYaVihiga, Vihiga

Mimi ni mtu wa bendi ya Jeshi la Wokovu, napiga shaba, lakini la solfa naliweza. Mama, hukuanza na mikono mitupu. Fluti iko katika C, maana yake noti unayoipiga ndiyo inayosikika kwenye kinanda. Sisi wa tarumbeta za B bapa lazima tuhamishe kila kitu. Wewe chukua kitabu cha nyimbo, soma sauti ya kwanza, piga.

Anza na nyimbo ambazo do ni G. Hapo do, re, mi ni G, A, B, zile zile noti zako za kwanza ukizipanda kwa kwenda juu. Fa ni C, so ni D, la ni E, ti ni F kali. Andika herufi kwa penseli juu ya solfa kwenye nyimbo mbili tatu unazozijua kwa moyo, kisha fungua nakala ya mistari mitano ya wimbo huo huo. Macho yataanza kuzioanisha yenyewe. Usiiache solfa. Waimbaji wengi wa huku walijengwa nayo na masikio yao ni mazuri kwa sababu hiyo.

Jambo moja la kukuandaa: sauti ya kwanza ya nyimbo nyingi inaangukia oktavu ya chini ya fluti, ambako ala ni pole na kwaya itaifunika. Baadaye utajifunza kuipandisha oktavu moja juu. Na ibada ikifika saa tano, jua likiwa limewaka kwenye bati, fluti itapanda juu ya kinanda. Vuta kichwa nje milimita chache ulinganishe A.

DungaJioni, Kisumu

Usidanganyike na picha za watu wanaopiga fluti kando ya ziwa. Nimejaribu Dunga, upepo wa jioni unaibeba hewa kabla haijafika ukingoni, hakuna kinachotoka. Omba ufunguo wa kanisa siku za wiki, au baki darasani kwako watoto wakienda nyumbani. Darasa tupu lina mwangwi mzuri sana wa noti ndefu.

AltoWaMamboleo, Kisumu

Darasa! Liko pale pale na mwalimu mkuu hatakataa. Basi ya waridi nimeiacha. Nimemwandikia yule mwalimu kwamba nitapiga rekoda miezi miwili, si mwaka, na nikampa sababu. Jumamosi naenda Maseno kuuliza. Mpwa wangu amekubali kuniachia kichwa cha fluti yake mihula ikifungwa. Kuna mtu mmoja kanisani ana Yamaha ya mtumba aliyoachiwa na bintiye aliyekwenda ng'ambo. Hataki kuiuza, ila anaweza kunikodisha. Tuandikiane nini?

BabaWaSection58, Nakuru

Andikeni hata kama ni mtu wa kanisani, heshima inabaki vizuri. Nambari iliyochongwa kwenye mwili wa fluti, kodi ya mwezi, na hali yake siku ya kuichukua pamoja na picha za pedi. Kisha jambo ambalo watu husahau: nani analipa fundi. Kwangu tulikubaliana kwamba uchakavu wa kawaida ni wa mwenyewe, kilichoanguka au kupinda ni changu. Muombe pia kwamba akibadilisha mawazo akataka kuuza, akuulize wewe kwanza, na kodi uliyolipa ipunguzwe kwenye bei.

PumziNdefu, Kakamega

Na kabla ya kutia sahihi mpeleke huyo mwanafunzi wa Maseno aipige kutoka G kushuka. Fluti iliyolala kisandukuni miaka mingi pedi hukauka. Ikivuja, gharama ya fundi iingie kwenye makubaliano kabla hujalipa kodi ya kwanza.