Nimeitwa MLEVI kwenye maikrofoni mbele ya mama mkwe, na MC neno lenyewe hajui limetoka wapi!!

Mangi_Mnyonge
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, na asije mtu hapa akasema ni arosto ya pombe. Ni hasira.

Nimetoka sasa hivi kwenye kipaimara, Kibosho. MC ni yule yule. Simtaji, Moshi nzima mnamjua, yule wa suti inayong'aa kama bati jipya. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, anaingia, nimesimama zangu na glasi MOJA, jamaa akashika maikrofoni: "Na sasa tumpigie makofi mlevi wetu wa ukoo!"

Mlevi. Wetu. Wa ukoo. Mama mkwe yuko meza ya mbele! Ndafu mwenyewe aliacha kutafuna majani yake akanigeukia.

Nikamfuata taratibu, nikamwambia kaka, mimi ni mnywaji, mlevi sio mimi. Akacheka, kwenye maikrofoni HIYO HIYO: "Mlevi si tusi jamani, limetokana na ulezi, huu wa pombe yetu ya mbege. Mlevi ni mtu wa ulezi!" Ukumbi ukapiga vigelegele.

Ulezi?! Neno linatoka kwenye kulewa. Penda, mpenzi. Pika, mpishi. Lewa, mlevi, w imegeuka v, basi. Ndugu zake ni kileo na kulevya. Hata jahazi likiyumba husemwa linalewalewa. Sasa mimi niliyumba? Niliyumba wapi? Mahari ya binti yao niliipeleka na mbege, wakaimaliza wao, na hakuna aliyeitwa wa ukoo!

Meza ya mbele, jamani. Mama mkwe.

KataMbili
Hiyo glasi moja ujazo wake lita ngapi mkuu? Maana hata ndoo ni moja.

Mama_Wawili
Kulelewa na kulewa zimepishana silabi moja tu. Wewe ilikuruka.

Chalii_Ngarenaro
Oya chalii, hapa Chuga, Arusha, tungekuita chapombe na maisha yangeendelea. Watu wa Moshi mnadeka sana.

Mangi_Mnyonge
Wewe hukuwepo. Alisema "wa ukoo". MBELE YA MAMA MKWE.

Mwalimu_Mstaafu
Kijana yuko sahihi kwenye sarufi, tumpe haki yake. Ila msione pombe ni neno la kilabuni. Kuna chachu inaitwa *Schizosaccharomyces pombe*, aliyeieleza ni Mjerumani Paul Lindner mwaka 1893, aliipata kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, akaipa jina letu. Mwaka 2001 Mwingereza Paul Nurse akashiriki Nobel ya tiba, na kazi yake kubwa aliifanyia kwenye chachu hiyo hiyo.

KataMbili
Kwa hiyo chachu imepata Nobel, mleta uzi kapata maikrofoni 😂😂

Meku_Rombo
Mnagombea neno, mbege yenyewe imeharibika hamsemi. Ndizi hazijaiva, ulezi haujaota vizuri, magome machungu ya msesewe wanatia kama wanatibu malaria. Jana nimepiga kata moja hapo Soweto, uchungu mpaka kwenye masikio.

Chalii_Ngarenaro
Mzee njoo Arusha uone. Huku inachanganywa maji mpaka ukiinywa unakata kiu.

Meku_Rombo
Maji ni dhambi. Hata kwa Kichagga ile ni wari, sio juisi.

Mangi_Mnyonge
Wakuu tusitoke kwenye mada. Glasi ilikuwa MOJA.

Shemeji_wa_Sakina
Huyo MC nampataje? Nina sendofu ya mdogo wangu Desemba, nataka mtu mchangamfu.

Mama_Wawili
Anachelewa huyo, na akifika anaanza na kula. Ila anachekesha kweli.

Shemeji_wa_Sakina
Bora achelewe. Wa mwaka jana alituita kwenye chakula kwa meza, sisi wa nyuma tukafika sufuria zinaoshwa. Nilichanga elfu hamsini nikala kipapatio.

KataMbili
Umepata kipapatio? Mimi nilichanga elfu themanini nikapewa shingo na soda ya moto.

Chalii_Ngarenaro
Soda gani?