Mjadala: Je, ni haki jiji kulizuia gari la chakula lisiuze karibu na mgahawa?

Mtoa mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa kina. Mwaka 2012 jiji la Chicago lilipitisha sheria kwamba gari la chakula lisiuze ndani ya futi 200, yaani kama mita 61, kutoka mlango wa wateja wa mgahawa ulio usawa wa barabara. Faini ni dola 1,000 hadi 2,000, na kila gari lifungwe GPS ili lijulikane lilipo. Mwenye gari moja la keki alilipeleka jiji mahakamani, na Mei 2019 Mahakama ya Juu ya jimbo lake, Illinois, ikaamua kwamba sheria ibaki.

Msimamo wangu: sheria hii inamlinda aliyekwisha kuingia sokoni na kumfungia njia anayekuja. Chukueni Seoul Taco. David Choi alianza na gari moja St. Louis mwaka 2011, nyama ya Kikorea ndani ya tortilla, zile chapati nyembamba za Kimexico; zikikunjwa na nyama ndani ndiyo taco. Leo ni mgahawa wenye matawi, na Chicago nako wakafungua. Siku ule mlango wa Chicago ulipofunguliwa, sheria ikaanza kuulinda dhidi ya magari kama lile lililoizaa biashara yenyewe.

Sasa pimeni. Mtaa wa kawaida wa Chicago, yaani kipande cha kutoka njia panda moja hadi nyingine, una urefu wa futi 660 upande mrefu. Mlango mmoja unafunga futi 200 kushoto na 200 kulia, jumla 400. Weka migahawa miwili tu, mmoja robo ya mtaa na mwingine robo tatu, na mtaa wote umekwisha. Katikati ya jiji, utapata wapi mtaa wenye mgahawa mmoja? Jiji lilitenga vituo maalumu ambako sheria ya futi 200 haibani, ila nafasi hizo haziwatoshi wote na wateja hawako hapo kila siku.

Meza Ishirini

Mkuu, hesabu yako siipingi. Umeacha upande wa pili wa daftari. Mwenye mgahawa amesaini pango la miaka kadhaa. Ana choo, vifaa vya kupasha nyumba joto, na wahudumu wanaolipwa hata saa tisa alasiri siku ya Jumatatu wakati viti vyote ni vitupu. Chicago mwezi Januari barafu imejaa njiani, yeye lazima afungue. Gari linakuja saa sita mchana, linachukua kilele cha chakula cha mchana, saa nane limeondoka. Yaani linavuna saa zilezile ambazo mgahawa unazitegemea kulipia saa nyingine zote.

Na mahakama iliiangalia hoja hiyohiyo. Migahawa inalipa kodi ya majengo na inakaa mahali pamoja, kwa hiyo jiji lina sababu halali ya kutaka mitaa yake iwe na biashara zinazodumu. Mnaweza kuichukia sheria, lakini msiseme haina msingi.

Kaango Moto

Ndugu Meza Ishirini, "linavuna" ni neno la mtu anayeliona gari kwa nje. Ingia ndani uone.

Nyama kwanza. Kilo 2 za mbavu za ng'ombe zilizokatwa nyembamba zinalowekwa kwenye sosi ya soya mililita 250, sukari gramu 120, tunda moja la pea lililosagwa, punje 8 za kitunguu saumu na vijiko 2 vya mafuta ya ufuta. Wengine huweka kiwi badala ya pea. Hapo ndipo wengi huharibu: kiwi ina kimeng'enya kinachovunja protini, na ikilala usiku kucha nyama inakuwa kama uji. Nusu tunda, saa mbili au tatu, basi.

Bamba la kukaangia linataka kama dakika 20 kushika moto sawasawa. Ukiwahi, nyama inatoa maji na kuchemka badala ya kubabuka. Likizidi ukali, sukari inaungua na ladha inakuwa chungu. Kimchi nayo, ile kabichi ya kuchachusha, lazima ikamuliwe kabla ya kugusa tortilla, la sivyo maji yake yanaipasua mkononi mwa mteja. Taco ya Kogi, gari la chakula la kule Los Angeles, hufungwa kwa tortilla mbili za mahindi, zote zikiwa zimepitishwa kwenye bamba.

Sasa ongeza sheria. Chicago gari haliruhusiwi kukaa mtaa mmoja zaidi ya saa mbili. Dakika 20 za kuwasha zimekwenda. Kabla ya kuondoka unafunga gesi, mafuta yapoe, kila kitu kifungwe kisiruke njiani: nyingine 20. Zinabaki 80. Ukitoa oda moja kila sekunde 45, unapata oda mia moja na kidogo, kisha unaanza kutafuta mahali pengine nje ya duara la mtu. Mnaolalamika kuhusu umbali, kinachoua gari hasa ni kuhamahama.

Mizani

Kaango Moto kagusa penyewe, na Los Angeles walishapita hapo. Aprili 2008 kaunti ilipitisha sheria ya kukaa saa moja tu mahali pamoja, adhabu faini hadi dola 1,000 au miezi sita jela. Agosti jaji akaitupa. Novemba mwaka huohuo mpishi Roy Choi na wenzake wakaitoa Kogi barabarani, wakitangaza kwa Twitter gari liko wapi usiku ule. Sheria ya magari ya California, jimbo ilipo Los Angeles, inaipa miji nafasi ya kuyawekea masharti haya magari kwa ajili ya usalama wa umma. Kumkinga mwenye duka na ushindani hakumo.

Wakashughulikia usafi badala yake. Kadi za alama za usafi, A, B na C, zilizokuwa milangoni mwa migahawa tangu 1998, kaunti iliamua mwaka 2010 zibandikwe na kwenye magari. Tangi la maji machafu lazima lizidi la maji safi kwa nusu nzima. Chakula baridi kisipite nyuzi 5 za Selsiasi, cha moto kisishuke chini ya 57.

Meza Ishirini

Nakubali futi 200 ni nyingi. Lakini msinifikishe sifuri. Foleni ya watu 30 mbele ya mlango wangu inamzuia mteja wangu asiingie, na hilo ni la usalama pia. Mita 15 kutoka mlangoni, foleni ielekee upande mwingine, ningesaini leo.

Mizani

Hapo tunaelewana. Ila ongeza jambo moja kwenye karatasi yako, ndugu. California gari likisimama kuuza zaidi ya saa moja, wafanyakazi wake lazima wawe na choo na mahali pa kunawa ndani ya futi 200. Mara nyingi choo hicho ni cha duka au mgahawa wa jirani, kwa makubaliano. Namba ni ileile ya Chicago, ila kule inamfukuza jirani na huku inamlazimu akugongee mlango mzungumze. Kwa hiyo kabla ya kusaini hizo mita 15, andika na bei ya choo.